Buluu ya anga haitoki ziwani

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wa watoto wa toleo lenu la juma lililopita, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini anga ni la buluu, akajibiwa kwamba anga la Goma hupata rangi yake kutoka Ziwa Kivu, na kwamba vumbi lililo hewani huisaidia rangi hiyo kusambaa. Mimi hufundisha fizikia katika shule ya sekondari mjini hapa, na nimeona ni lazima niandike, kwa kuwa jibu kama hilo husomwa na wazazi na walimu pia, kisha likaingia darasani likiwa limekwisha kuitwa elimu.

Tuanze na ziwa. Yeyote aliyekaa bandarini mawingu yakitanda ameona jinsi maji yanavyogeuka ya kijivu mara tu anga linapofunikwa. Ingekuwa ziwa ndilo linalolipa anga rangi, maji yangebaki ya buluu chini ya mawingu hayo. Ni kweli kwamba maji yenye kina yana buluu yake yenyewe, kwa sababu hufyonza mwanga mwekundu kuliko mwanga wa buluu, lakini sehemu kubwa ya rangi tunayoiona juu ya ziwa mchana ni ya anga lenyewe. Ndugu zetu wa Lubumbashi, walio mbali mno na Kivu, wana anga la buluu kama letu, na katikati ya jangwa la Sahara, pasipo ziwa wala bahari kwa mamia ya kilomita, anga ni la buluu vilevile.

Sababu imo ndani ya hewa. Mwanga wa jua, ambao kwetu huonekana mweupe, ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi: mwekundu ni takriban nanomita 700 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), wa buluu takriban 450, wa urujuani takriban 400. Hewa ni nitrojeni kwa asilimia 78 na oksijeni kwa asilimia 21, na molekuli za gesi hizo ni ndogo kuliko mawimbi hayo kwa zaidi ya mara elfu moja. Mwanga unapopita kwenye molekuli ndogo kiasi hicho, sehemu yake hutawanywa kwenda kila upande, na kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo linavyotawanywa zaidi, tena si kwa kiasi kidogo: wimbi lenye nusu ya urefu wa jingine hutawanywa mara 16 kulishinda. Kwa hesabu hiyo, mwanga wa buluu hutawanywa karibu mara sita ya mwekundu, na anayeinua macho kutazama mahali pasipo na jua hupokea ule mwanga uliotawanywa, ambao umejaa buluu.

Wanafunzi wangu wenye akili kali hawaniachi hapo. Huuliza mbona anga si la urujuani, ikiwa urujuani ndio wenye wimbi fupi zaidi. Nalipenda swali hili, kwa maana jibu lake halimo hewani peke yake. Jua hutoa urujuani mchache kuliko buluu. Sehemu ya huo mchache hupotea juu kabla ya kutufikia. Na macho ya binadamu huuona urujuani kwa udhaifu. Tena mwanga wa anga si buluu tupu, bali una kijani na hata wekundu ndani yake, na ni macho yanayoujumlisha mchanganyiko wote na kutupa ile buluu iliyofifia. Darasani tunaliruka jambo hili upesi mno.

Kuhusu vumbi, kosa hili lina ukoo wa heshima. Mwaka 1869 mwanafizikia John Tyndall alionyesha huko London kwamba chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya bomba la kioo, zikimulikwa, hutoa buluu inayofanana na ya anga, na kwa hiyo wengi walidhani kwamba angani pia lazima pawe na chembe za namna hiyo. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliipigia hesabu habari hiyo mwaka 1871, kisha mwaka 1899 akaonyesha kwamba molekuli za hewa zinatosha zenyewe. Chembe zinazolingana na urefu wa wimbi au kuupita hazibagui rangi sana. Hutawanya zote karibu sawasawa, na kinachotokea ni weupe. Ndiyo maana mawingu, ambayo ni matone ya maji, ni meupe, na ndiyo maana wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa unapotanda, anga letu hupauka na milima ya Masisi haionekani. Mvua kubwa ikiisha kuifagia hewa, buluu hurudi. Vumbi huifuta buluu, haliileti.

Mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto hahitaji maabara. Makala yanapowashwa kwenye mbabula uani, moshi mwembamba unaopita mbele ya ukuta mweusi huku jua likiumulika kutoka ubavuni huonekana wa buluu. Moshi uleule ukipanda juu ya ukuta, ukawa mbele ya anga jeupe, huonekana wa hudhurungi, kwa kuwa buluu imekwisha kutawanywa pembeni na kinachopenya ni kilichobaki. Jioni ni hivyohivyo: jua likiwa karibu kuzama, mwanga wake hupita katika hewa zaidi ya mara 30 ya ile unayopita jua likiwa utosini, na buluu huishia njiani. Hata kisiwa cha Idjwi, ambacho anayeshuka kwenye boti hukikuta cha kijani, huonekana cha buluu kutoka Goma siku ya hewa safi, kwa sababu ya hewa iliyo kati yetu nacho.

Nisichanganye mambo, maana najua nitaulizwa habari za Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Wekundu ulioonekana juu ya mji usiku wa tarehe 22 Mei 2021 haukuwa na uhusiano na mtawanyiko ninaoueleza. Ulikuwa mwanga wa lava yenyewe, ambayo kwa joto lake hung'aa nyekundu, ukiyamulika mawingu na gesi zilizokuwa juu yake.

Naomba basi mwanafunzi yule ajibiwe upya katika ukurasa uleule, na mchoro uliochapishwa pamoja na jibu, wenye mishale inayopanda kutoka majini, uchorwe tena mishale ikianzia kwenye jua na kutawanyika hewani. Mchoraji wenu ana mkono mzuri. Ni maelekezo aliyopewa yaliyokuwa na kasoro.

Mwalimu wa fizikia,
Goma