Malalamiko: pampu mliyotuletea haitoi maji mliyoyapigia hesabu

Kwa Meneja wa Mauzo,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile mashine ya pleti ya kupoozea maziwa (maziwa yanapita upande mmoja wa pleti, maji baridi ya pampu upande wa pili) mliyotufungia hapa kituoni kwetu Tanga mwezi wa tatu. Simu nimepiga mpaka nimechoka, kila siku fundi yuko njiani.

Shida yenyewe ni hii. Tunapitisha maziwa lita 1,000 kwa saa, kama kilo 1,030 hivi, yanaingia na digrii 35 na mlituahidi yatatoka na 4. Kilo moja ya maziwa kuishusha digrii moja unatoa kama kilojuli 3.9, zidisheni wenyewe, inakuja kilowati 34 na ushee, na joto hilo lote lazima libebwe na maji. Kwenye karatasi yenu mmeweka maji kilo 3,000 kwa saa, yanaingia na 2 yanatoka na 12, hapo sina ugomvi, hesabu iko sawa kabisa. Ila hiyo 3,000 mmeitoa wapi? Mmeinakili kwenye stika ya pampu! Imeandikwa lita 50 kwa dakika, ndo hizo 3,000 kwa saa, na mita 30 za kupandisha maji, na nyie mnajua (au mnatakiwa mjue) kwamba lita 50 ni pale pampu haisukumi kitu, ukishaifungia pleti na bomba na zile kona zote inapungua.

Nimechukua ndoo ya lita 20, nikachomoa bomba linalorudisha maji tanki, simu mkononi. Ndoo imejaa kwa sekunde 72. Nimerudia mara tatu, mzee wa stoo ndo shahidi, kalowa mpaka viatu. Hiyo ni lita 1,000 kwa saa, theluthi tu ya mlichotuuzia, ndo maana maji yanatoka na 24 na maziwa yanatoka na 12.

Fundi wenu kwenye simu eti tushushe maji ya tanki mpaka sifuri. Hata tukishusha maziwa yataishia kwenye 10 huko, na barafu ikigandia kwenye pleti nani atalipa? Wiki iliyopita gari la kiwanda limeyapima maziwa ya jioni kwa spiriti yakakatika, yaani yameanza kuchacha, wakayaacha, wafugaji wananitolea macho mimi.

Nataka pampu inayotoa lita 3,000 ikiwa imeshafungwa kwenye mashine, sio kwenye stika, na fundi aje na ndoo yake tupime wote kabla sijasaini kitu. Hela iliyobaki ipo, ila haitoki kabla ya hapo.

Fundi wa kituo