Furushi la zipu likipungua, mwenyewe aambiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri uliotolewa kwenye safu ya teknolojia wiki iliyopita. Mwandishi aliwaambia wanaohamisha picha na nyaraka zao kutoka huduma moja ya mtandaoni kwenda nyingine wabofye kitufe cha "Pakua zote", wapokee faili moja la zipu, yaani furushi lenye mafaili mengi ndani yake, kisha wafunge akaunti. Ushauri ni mzuri na mimi mwenyewe huutoa. Lakini kati ya kupakua na kufunga akaunti pana shimo, nami nalijua kwa sababu niliwahi kulichimba.

Kazi yangu ni kuandika programu za wavuti. Miaka sita iliyopita niliandika kitufe cha aina hiyo kwa huduma ndogo ya kuhifadhi picha za familia na barua zilizoskaniwa. Nilikijaribu kwa mafaili ishirini, kikafanya kazi. Kilifanya kazi kwa mamia ya watu baadaye, au ndivyo nilivyoamini, maana hakuna aliyelalamika.

Ndipo akatuandikia mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa na mafaili 1,874 kwetu. Alipakua furushi lake, likafunguka vizuri, akafuta akaunti. Wiki mbili baadaye aliketi kupanga picha mwaka kwa mwaka, akaona mwaka mmoja una pengo. Akahesabu zote, moja moja. Yalikuwa mafaili 1,811.

Nilimpigia simu. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, ungeniambia tu kuwa hayajatimia, ningesubiri. Ulivyonyamaza nikajua yametimia."

Nilirudi kwenye msimbo wangu nikakuta mafaili 63 yamepotea kwa njia mbili, na zote mbili nilizifungua mwenyewe kwa nia njema.

Njia ya kwanza ni majina. Kamera nyingi huzipa picha majina ya namba, na ukibadilisha kamera hesabu huanza upya. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na picha tatu tofauti zote zikiitwa IMG_0001.jpg. Ndani ya huduma yetu hazikugongana, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kitambulisho chake kwenye hifadhidata. Ila wakati wa kuzitia kwenye furushi nilitumia jina lile la kamera, na zote nikaziweka folda moja. ZipArchive, zana ya kufunga mafurushi ya zipu katika PHP, lugha ninayoandikia programu, ikipewa faili lenye jina ambalo tayari limo, huweka jipya mahali pa lile la kwanza. Haitoi onyo lolote. Ndivyo ilivyoagizwa kufanya. Picha 41 zilipotea hivyo.

Njia ya pili inaniuma zaidi. Mafaili yalikaa kwenye seva nyingine, na kila moja lilibidi livutwe kupitia mtandao kabla ya kutiwa. Niliona mapema kwamba faili moja likigoma, furushi zima huvunjika na mtu huambulia ukurasa wa hitilafu baada ya kungoja sana. Nikaandika mistari miwili: likishindikana, liruke, endelea na linalofuata. Nilidhani nawahurumia watumiaji. Mafaili 22 ya mwalimu yalirukwa siku ile, na habari zake zikaandikwa kwenye logi ya seva, yaani daftari lake la matukio, ambayo yeye hakuwa na njia ya kuiona na mimi sikuwa na mazoea ya kuisoma.

Wapo watakaosema kosa ni la zipu yenyewe. Si kweli. Muundo huo, uliotoka mwaka 1989 kwa kazi ya Phil Katz na kampuni yake ya PKWARE, na ambao maelezo yake yaliwekwa wazi ili yeyote autumie, una tahadhari za kutosha. Kila faili linaloingia hukokotolewa tarakimu ya uhakiki iitwayo CRC-32, na programu ya kufungua huikokotoa tena. Baiti zikiharibika njiani, tofauti hujitokeza. Mwishoni kabisa mwa furushi huwekwa orodha ya vyote vilivyomo na mahali kila kimoja kilipo. Upakuaji ukikatika katikati, orodha hiyo haifiki na furushi hukataa kufunguka kwa kawaida. Kukataa huko ni msaada mkubwa kwa mtumiaji. Lakini orodha ile inajua kilichotiwa. Haijui kilichokusudiwa kutiwa. Furushi la mafaili 1,811 lilikuwa zima kabisa machoni pa kila programu ambayo mwalimu angeitumia kulifungua. Aliyejua kwamba yalipaswa kuwa 1,874 ni programu ya wavuti iliyolifunga, na yenyewe ilinyamaza.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla ya faili la kwanza kutiwa, programu inasoma hifadhidata na kuandika orodha ya kila faili la mtumiaji: jina, ukubwa, tarehe. Majina yanayofanana yanaongezewa namba. Faili lisilopatikana linajaribiwa mara tatu, na likishindikana kabisa linabaki kwenye orodha likiwa na neno "halikupatikana" mbele yake. Orodha hiyo inaingia ndani ya furushi kama faili la maandishi, ili atakayelifungua hata baada ya miaka mingi aikute. Halafu programu inalifungua furushi upya, inahesabu, na ukurasa unamwonyesha mtumiaji ni mafaili mangapi yametiwa kati ya mangapi. Yakipungua hata moja, kitufe cha kufunga akaunti hakibofyeki.

Mwenzangu mmoja kazini alipinga. Alisema onyo litawatia watu hofu na watatupigia simu. Wamepiga, kweli. Kila aliyepiga alikuwa bado na akaunti yake, na mafaili yake yalikuwa bado yapo.

Tena furushi halifungwi mtumiaji akiwa anakodolea ukurasa. Mipangilio ya awali ya PHP kwenye wavuti huipa programu sekunde 30, na Nginx, programu ya seva iliyo mbele yake inayopokea maombi ya watumiaji, husubiri sekunde 60 bila kupokea kitu, kisha hukata. Mafaili 1,874 ya kuvutwa kutoka seva nyingine hayamaliziki kwa muda huo, na haraka ndiyo iliyonifanya niandike ile mistari miwili. Sasa kazi inafanyika pembeni, kwenye faili la muda lenye jina la nasibu lisiloweza kukisiwa, nje ya folda inayofikiwa na umma, na mwenye furushi anapelekewa kiungo kwa barua pepe. Jina la nasibu nalisisitiza. Niliwahi kuitwa kurekebisha programu ambayo furushi la kila mtu liliitwa jina lile lile kwenye folda ile ile. Watu wawili walibofya kwa wakati mmoja, na mmoja akaondoka na nyaraka za mwenzake.

Kwa wenzangu wanaotumia PHP nina jambo moja tu la kuongeza. ZipArchive huliandika furushi kwenye diski pale unapoita close, si pale unapoongeza faili. Diski ikijaa, au faili likitoweka kabla ya hapo, ni close itakayorudisha false. Nimesoma misimbo mingi isiyolitazama jibu hilo, ukiwemo wangu wa zamani. Na picha za JPEG msihangaike kuzibana, zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa. Kuzibana tena kunakichosha kichakataji bila kupunguza chochote cha maana. Mimi nazitia zilivyo, na muda uliookolewa naupeleka kwenye kuhesabu.

Kuhusu mwalimu: nakala zetu rudufu hukaa siku 30, naye alituandikia siku ya 16. Picha zote 41 zilizofunikwa nilizipata. Kati ya yale mafaili 22 nilipata 18. Manne hayakuwako popote, si kwenye nakala rudufu wala kwenye seva, na inawezekana yalikuwa yameshapotea muda mrefu bila sisi kujua, kwa kuwa kila aliyeyaomba alirukiwa. Nilimsomea majina yake kwa simu, naye akanieleza kila moja lilikuwa barua gani na nani aliiandika. Sitayaandika hapa.

Namwomba mwandishi wa safu yenu, atakaporudia ushauri huo, aongeze hatua moja kabla ya kufunga akaunti: msomaji afungue furushi lake, ahesabu yaliyomo, alinganishe na idadi inayoonyeshwa na huduma anayoihama, na zikitofautiana asifute kitu mpaka apewe maelezo.

Wako,
Mwandishi wa programu za wavuti, na msomaji wenu wa kila wiki