Mwanangu, Vitabu Vyako Nimevimaliza

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na baba yako anakusalimu. Vitabu ulivyonitumia nimevimaliza vyote. Uliniomba nikueleze nilivyoviona, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, kaa usome. Na kwa kuwa wewe umeshavisoma, sitaficha kitu: nani kaua, nani kadanganya, yote nitayataja. Barua hii usimpe mtu ambaye hajavisoma, asije akanilaani bure.

Nianze na Gone Girl cha Gillian Flynn, kile cha mwaka 2012, kwa sababu ndicho kilichoniudhi na ndicho nilichokisoma mbio kuliko vyote. Nick anarudi nyumbani siku ndoa yake inapotimiza miaka mitano, anakuta sebule imevurugwa na mkewe Amy hayupo. Tangu hapo sura zinapokezana: moja ni ya Nick, mambo ya leo; inayofuata ni shajara ya Amy, mambo ya miaka iliyopita. Nick ni mwongo na wala hatufichi. Akiwadanganya polisi anatuambia, hata hesabu ya uongo wake anaiweka. Basi macho yetu yote yanakuwa kwake, na huyu wa shajara tunamhurumia tu. Kitabu kinafika katikati, Amy anaanza kusema kwa sauti yake halisi, kumbe shajara yote kaitunga ili polisi waikute na mumewe ahukumiwe kwa kumuua.

Nilipofika hapo nilirudi nyuma. Nilitaka kujua kama mwandishi alinionya japo mara moja au alinivizia tu. Nikakuta alinionya. Yule Amy wa shajara ni mwema kupita kiasi. Kosa lake kubwa ni kupenda mno. Akikosewa anajilaumu kidogo, kwa upole, halafu anatuchekesha. Mtu anayejiandikia mwenyewe hana haja ya kupendeza hivyo. Anayependeza hivyo ana hadhira. Tena kuna lile jambo la wazazi wake, waliopata fedha na jina kwa kuandika vitabu vya watoto kuhusu msichana aitwaye Amazing Amy, ambaye kila alichokishindwa binti yao yeye alikiweza. Mtoto aliyekua akishindana na Amy wa kwenye karatasi, na kuona huyo ndiye apendwaye na watu, kumtunga Amy mwingine ukubwani kutamshinda vipi? Flynn alikuwa ametuwekea jibu mapema kabisa, sisi tukadhani ni pambo la hadithi.

Kilichoniudhi ni kwamba siri ilipofunuka sikumtakia heri mtu yeyote mle ndani. Niliendelea kufunua kurasa kama mtu anayetega sikio ukutani majirani wakigombana: huwezi kuondoka, na wala huna unayemtetea. Ule mwisho wao, wawili kubaki pamoja na mtoto njiani, wako wanaousifu kwa ujasiri wake. Mimi nauona ni wa kweli, na sitaki kuusoma tena.

Kitabu hicho ndicho kilichonifanya nikitoe kabatini The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, cha mwaka 1926. Hiki hukunitumia wewe. Nilikuwa nacho, na nilikisoma zamani. Safari hii nilikisoma nikijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba muuaji ni yule yule anayetusimulia, Daktari Sheppard. Usidhani kujua kunaharibu utamu. Nilimfuata sentensi kwa sentensi, nikimwona anavyochagua pa kukanyaga.

Tazama usiku wenyewe wa mauaji. Sheppard yuko na Ackroyd kwenye chumba cha kusomea. Barua imeletwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Saa tatu kasoro dakika kumi daktari anaondoka, na barua, anatuambia, bado haijasomwa. Anaongeza kwamba alisita mlangoni, mkono kwenye kitasa, akatazama nyuma akijiuliza kama kuna jambo amelisahau, asione lolote. Kila neno hapo ni kweli tupu. Dakika kumi zimetajwa, mwanzo wake na mwisho wake, na katikati hapakuandikwa kitu. Kisu kiliingia hapo. Sura ya mwisho Sheppard mwenyewe anajisifia uandishi wake wa pale, na mimi nilimpa haki yake, Mungu anisamehe. Halafu kuna Caroline, dada yake, mbeya asiyetoka nyumbani lakini habari za kijiji kizima anazo. Christie aliwahi kusema alimpenda sana Caroline, na kwamba huenda Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa vitabu vyake vingine, alitokana naye. Ukisoma mara ya pili unamwogopea yule mama: anajua kila kitu cha kila mtu, isipokuwa cha anayelala chumba cha pili.

Kitabu kilipotoka wako waliolalamika kwamba Christie kacheza rafu. Miaka mitatu baadaye, 1929, Ronald Knox, padri Mwingereza aliyekuwa akitunga riwaya za upelelezi, akatoa amri kumi za hadithi hizi. Mizimu na miujiza isitumike. Chumba cha siri kisizidi kimoja. Mapacha wasiibuke bila msomaji kuandaliwa. Mpelelezi asiwe ndiye muuaji, na kila dalili anayoiona aionyeshe papo hapo. Knox alikuwa na mzaha ndani yake, lakini kilio chake kilikuwa kimoja: msomaji apewe nafasi sawa na mpelelezi. Mimi naona Christie aliitoa. Saa ziko pale, barua iko pale, na hakuna kilichofichwa chini ya mkeka.

Kwa kipimo hicho hicho, The Girl on the Train cha Paula Hawkins, cha 2015, kimenipa tabu. Rachel amepoteza kazi kwa ulevi, lakini kila asubuhi anapanda treni ya saa mbili na dakika nne kwenda London ili mwenzake wanayeishi nyumba moja asijue. Dirishani anawaona mume na mke kwenye nyumba iliyo karibu na reli. Anawapa majina, Jess na Jason, kisha anawatungia na maisha. Mwanzo huo nimeupenda sana. Mwanamke aliyeachwa anawatungia ndoa njema watu asiowajua, na hapo ni nyumba chache tu kutoka ile aliyokuwa akiishi na mumewe, ambamo sasa yumo mke mwingine na mtoto. Halafu Jess, ambaye jina lake hasa ni Megan, anatoweka, na Rachel usiku huo alikuwa mtaa ule ule, amelewa, hakumbuki kitu.

Tabu yangu ni hiyo kumbukumbu. Inarudi pale mwandishi anapoihitaji, sura hii kipande, sura ile kipande. Dakika kumi za Sheppard naweza kuzipima mwenyewe. Kumbukumbu ya Rachel siwezi kuipima, nasubiri tu kugawiwa. Na wewe umenikomoa zaidi kwa kupiga mstari wa kalamu chini ya jina la Tom, yule mume wa zamani wa Rachel ambaye ndiye muuaji, kila linapotokea. Mwanangu, kitabu cha mauaji hakipigwi mistari kabla ya kuazimishwa!

Hata hivyo, siri iliyo chini ya siri ni nzito. Miaka yote ya ndoa Tom alikuwa akimsimulia Rachel mambo aliyoyafanya akiwa amelewa: umevunja hiki, umenishambulia, umetuaibisha mbele za watu. Rachel hakumbuki, kwa hiyo anaamini, anaomba radhi, anakunywa tena kwa aibu. Kumbe mengi hayakutokea hivyo. Amy alitudanganya sisi, na Sheppard alitudanganya sisi. Tom kamdanganya msimulizi wetu, naye akatuletea uongo huo kwa nia safi kabisa, akijishtaki mwenyewe. Niliyasoma maungamo yake ya mwanzo kwa mara ya pili nikaona uchungu, kwa sababu mle ndani hakuna ujanja wowote, kuna mtu anayeomba msamaha kwa lisilomhusu. Kwa ajili ya hilo nimemsamehe Hawkins ule mgao wake.

Baba yako alinikuta nacho mkononi akasema hizi ni riwaya pendwa tu, za kupitishia wakati, na kwamba mtu wa umri wangu angesoma vitabu vizito. Nikamjibu kwa habari ya Arthur Conan Doyle, ambaye naye aliwaza hivyo hivyo juu ya kazi yake. Mwaka 1893 alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes, akamtosa kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi, apate nafasi ya kuandika riwaya za kihistoria alizoziona ndizo za maana. Wasomaji wakaja juu, wengi wakaacha kulinunua jarida la The Strand, lililokuwa likichapisha visa vya Holmes. Mwaka 1901 akaanza kuwapa The Hound of the Baskervilles, akijitetea kwamba ni kisa cha kabla ya kifo. Mwaka 1903 akasalimu amri, akamrudisha Holmes mzima mzima: kumbe hakuanguka. Maelezo ya kunusurika kwake ukiyauliza maswali mawili yanaporomoka, na wasomaji hawakujali hata kidogo. Zile riwaya za kihistoria leo wanaozitafuta ni wachache.

Baba yako akanyamaza. Kisha akasema kwamba Bwana Msa, hata hivyo, alikuwa bora kuliko Holmes. Hapo sikuwa na la kubisha. Unamkumbuka, Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na rafiki yake Najum? Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la kuandika hadithi la mwaka 1957 hadi 1958, kikachapishwa 1960. Knox alikataza mizimu. Abdulla akaiweka mpaka kwenye jina la kitabu, halafu akamwacha Bwana Msa autafute mkono wa mwanadamu. Na kile Kiswahili chake! Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba, ametupa raha zake tangu Kufa na Kupona mwaka 1974, simkatai, lakini kwa Gamba unasoma ili ujue nani atapona. Kwa Bwana Msa unasoma watu wanavyozungumza, na mauaji yenyewe unaweza kuyasahau kwa muda.

Nimekiweka mwisho The Thursday Murder Club cha Richard Osman, cha 2020, kwa sababu ndicho nilichokipenda kuliko vyote na sijui kama nakipenda kwa haki. Mashujaa wake ni wazee. Wanaishi kwenye makazi ya wastaafu katika jimbo la Kent, na kila Alhamisi wanakutana kuchambua majalada ya mauaji ambayo polisi hawakuyamaliza. Elizabeth alikuwa jasusi, Joyce muuguzi, Ibrahim daktari wa magonjwa ya akili, na Ron kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kwa upelelezi wenyewe Knox angekipa alama za chini. Maiti zinaongezeka, mwishoni maungamo yanafuatana moja baada ya lingine, na mengine sioni dalili gani ingenifikisha pale kabla ya kuambiwa.

Lakini soma shajara ya Joyce baada ya kusoma ya Amy. Joyce anaanza na mauaji, katikati anakumbuka keki, mara binti yake Joanna ambaye kila wanapozungumza kuna kitu kinakwenda upande, mara mwanamume fulani aliyevaa vizuri, na mauaji anayarudia akiwa amebakiza mistari michache. Hapendezi kwa makusudi. Hiyo ndiyo shajara ya mtu, na Osman ameipata bila kuonekana anahangaika.

Na Elizabeth, jasusi mzima, mwenye kujua namna ya kumtoa mtu siri bila yeye kujua. Kila siku anafungua shajara yake kurasa za mbele, siku ambazo hazijafika, na kujiandikia swali la jambo dogo aliloliona leo. Siku ile ikifika, atajua kama bado analikumbuka. Mumewe Stephen akili inamtoka taratibu. Sataranji bado anaimudu, lakini mengine yanapotea, naye Elizabeth anaficha jambo hilo kwa ustadi ule ule aliokuwa akiwafichia maadui wa nchi yake. Nilitegemea vichekesho vya wazee wakaidi, na vipo, vingi tu. Hilo la maswali ya shajara sikulitegemea. Nilimsomea baba yako sehemu hiyo kwa sauti, akaniomba nirudie.

Kipo cha pili chake, The Man Who Died Twice, cha 2021. Nitumie hicho, na kalamu yako ikae mbali nacho. Hivi vingine nitavirudisha ukija, isipokuwa Gone Girl. Hicho kakichukua baba yako, yule wa vitabu vizito. Yuko kwenye sura za shajara, anamsikitikia sana Amy, na jana kaniambia Nick anastahili jela. Mimi nimefunga mdomo.

Mama yako akupendaye.