Rehema, Goku umemtaja bure

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Rehema,

Sisi huku hatujambo. Mama yako anasalimu na anauliza kama ile dawa ya kikohozi umeimaliza au umeitupa kabatini kama kawaida yako.

Sauti ya rap yako uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara nne. Nilikujibu kwa kidole gumba kwa sababu duka lilikuwa limejaa wateja, si kwamba sikuwa na la kusema. Ninalo. Katika mistari kumi na sita umewataja mashujaa wa anime, zile filamu za kuchorwa za Kijapani: Goku, Naruto, Luffy na wengine wawili ambao ilibidi nimuulize mdogo wako. Watu watano, na hakuna hata mmoja aliyefanya kazi. Wamepita kama wageni wa harusi waliofuata pilau.

Utasema, baba huyo, mzimaji TV. Kweli nilikuwa naizima, tena nikiziita katuni za watoto. Hilo neno nalirudisha. Mimi mwenyewe nimekulia kibanda cha video, kila Jumamosi kung fu. Nilipoipata kanda ya kwanza ya Wu-Tang Clan, kundi la rap la New York, ile ya 1993, Kiingereza chao kilinipita, lakini milio ya mapanga na sauti za filamu za Shaolin nilizijua hapo hapo. Kumbe vijana wale nao walikulia mbele ya filamu zile zile! Hata zile "chemba 36" kwenye jina la albamu zimetoka kwenye filamu ya 1978.

Sasa mtazame RZA, mpika biti wao, yaani mtengeneza midundo. Alipoipenda Dragon Ball Z, anime ya Goku, hakuishia kumtaja Goku. Aliandika kwamba anaiona humo safari ya mtu mweusi wa Marekani: mtoto aliyeletwa kutoka mbali, akagonga kichwa, akasahau alikotoka na nguvu alizokuja nazo. Hapo Goku kapewa kazi. Mwaka 2007 akaenda mbali zaidi, akatengeneza muziki wa Afro Samurai, anime yenye shujaa mweusi mwenye sauti ya Samuel L. Jackson. Na huyo rapa Megan Thee Stallion wako, mdogo wako kanionyesha picha yake ana nywele nusu nyeupe nusu nyekundu kama Todoroki wa kwenye anime. Sina neno naye. Anaonekana kakaa na mambo hayo muda mrefu.

Kilichoninyima usingizi hasa ni Samurai Champloo, anime uliyoiacha kwenye kompyuta. Nilisema naangalia dakika tano. Japani ya zamani, watu na mapanga yao, halafu ghafla mkwaruzo wa santuri na tukio linabadilika! Mugen, mmoja wa mashujaa wake, anapigana kama anacheza brekidansi. Mwongozaji wake, Shinichirō Watanabe, aliitoa mwaka 2004, na badala ya zumari na ngoma za kale akawapa kazi wapika biti. Jina lenyewe linatokana na chanpurū, chakula cha Okinawa cha kuchanganya-changanya. Ingekuwa Unguja wangeiita urojo.

Mmoja wa wapika biti hao ni Nujabes. Aliitwa Jun Seba, akaligeuza jina lisomeke kutoka nyuma. Alikuwa na duka la santuri Shibuya, Tokyo. Ana biti moja humo, Aruarian Dance, ina kigitaa kinachozunguka tu. Kigitaa hicho kakikata kwa Laurindo Almeida, Mbrazili. Almeida alikuwa anapiga wimbo wa Marekani wa 1939, na wimbo huo ulichukua sauti yake kwa Ravel, mtunzi wa muziki Mfaransa.

Mimi na marehemu ami yako tulikuwa na redio ya kaseti mbili. Unasubiri pale ngoma inapobaki peke yake, unarekodi, unabonyeza pozi, unarudisha kanda nyuma, unaachia pozi juu ya pigo la kwanza. Sekunde nne, mara sitini, mpaka vijana wa mtaani wapate dakika nne za kuchania. Ukichelewa kidogo biti inachechemea, unaanza upya. Kigitaa cha Nujabes kilipozunguka mara ya tatu, kidole changu kikabonyeza meza chenyewe.

Nujabes alikufa kwa ajali ya gari Februari 2010, ana miaka 36. Alizaliwa siku moja na J Dilla, mpika biti wa Detroit, 7 Februari 1974, naye alikwisha tangulia. Zile biti za kusomea zinazokesha YouTube ni za ukoo wao, na hiyo uliyochania wewe ni mjukuu kabisa. Nilidhani unajua. Labda hujui.

Mstari wako wa tisa, ule wa bibi kuvuka mto Pangani kwa mtumbwi usiku, hauna jina la anime hata moja, na ndio pekee nilioamka nao asubuhi. Kama lazima umwite mtu, mwite Fuu pale, yule binti wa Samurai Champloo anayezunguka nchi nzima akimtafuta samurai anayenukia alizeti. Wale watano waache wakapumzike.

Nimefika sehemu ya 14 kati ya 26, umeme ukakatika. Usiniambie kama wanampata.

Baba yako