Boti za matembezi zatukatia nyavu Matondoni

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Makala ya Jumapili iliyopita kuhusu matembezi ya siku moja ya kiangazi katika kijiji chetu cha Matondoni imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako anasema sisi ni kijiji cha kihistoria cha wavuvi, kimetulia, na ufundi wa majahazi umebaki kumbukumbu. Picha aliyoiweka juu ya maneno hayo ni ya jahazi lililosimamishwa mataruma, yaani mbavu zake, juzijuzi, bado halijapigwa mbao! Angemuuliza fundi yeyote pale ufuoni angeambiwa jahazi ni la nani na bei ya mbao imepanda kiasi gani. Angekaa kidogo, angeona pamba iliyolowa mafuta ikishindiliwa baina ya ubao na ubao, nyundo ikilia tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mafundi wa kisiwa hiki ndio waliounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki zilizookotwa, wakalizindua mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Hao ndio wa kuandikwa kama marehemu?

Hilo ningelimeza. Lililonichoma ni pale anaposifu boti za injini zinazoleta wageni bila kumsumbua mtu. Kaskazi iliyopita nilitega jarife langu, wavu mkubwa, kwenye mkondo, karibu na mikoko, maboya yote yakionekana. Maji yalikuwa yanatoka. Kila nahodha wa Lamu anajua kwamba maji yakitoka hapo hubaki kijia chembamba, na samaki hupita humohumo, ndiyo maana tunatega. Boti ya matembezi ikaja mbio, imejaa wageni, ikapanda juu ya jarife. Nyuzi zikajisokota kwenye rafadha, injini ikazima. Mimi niko kwenye dau napiga kelele na kupunga mikono. Wageni wakadhani nawaamkia, nao wakanipungia. Nahodha akatoa kisu, akainama, akaanza kukata. Alikata kipande baada ya kipande akitupa majini, chubwi na maboya na yote, na wale wageni wakipiga picha. Nilipofika ubavuni mwake akaniambia, “Pole ami, lakini hii njia ya boti.” Njia ya boti tangu lini? Nikamwomba tuandikiane, alipe hata nusu. Akawasha injini akaenda zake. Usiku ule mimi na mke wangu tulikaa na sindano ya kushonea nyavu mpaka macho yakauma, na sehemu ya katikati haikushoneka. Nikamfuata mwenye boti mjini. Akanijibu kwamba wageni wameilipa hoteli, hoteli imemlipa yeye, na mambo ya nyavu hayamo katika mapatano yao. Basi mwenye hoteli kapata, mwenye boti kapata, mtembeza wageni kapata, na mwenye kijiji kapoteza jarife.

Na asije mtu kuniuliza kwa nini nategea mkondoni badala ya kutoka nje. Zamani tukivua Ghuba ya Manda. Bandari mpya ilipoanza kuchimbwa maji yakawa tope, na vyombo vidogo vikakosa pa kwenda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, meli zikaingia, na sisi wakati huo tulikuwa tungali tunaitwa mikutanoni kuzungumzia fidia hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na jirani zangu waliokuwa wakiishi kwa boriti na mazio ya mikoko wakaweka mashoka chini. Watu waliobanwa hivyo nchi kavu na baharini, mkondo ndio uliowabakia. Sasa nao umekuwa barabara ya watalii.

Wala wanawake wetu hawakutajwa hata kwa mstari mmoja, na mikeka yao ndiyo inayouzwa mjini kwa bei wasiyoiona wao.

Wageni waje. Lakini nataka kila boti ya matembezi ijiandikishe kwa kamati ya ufuo kabla ya kuingia mkondoni, ilipe shilingi 300 kwa kila kichwa, risiti ikatwe palepale, na nakala ibandikwe mlangoni pa banda la wavuvi kila mtu aisome. Nusu ya pesa iwe ya nyavu zinazokatwa. Boti iingie maji yakijaa tu. Saa za maji hapa hata mtoto wa madrasa anazijua. Yale masanduku ya barafu yenye vyakula vya hoteli yabaki hotelini, na wageni wale wali wa nazi na samaki wa kupaka waliopikwa Matondoni, walipe hapo hapo kwa aliyepika. Chupa walizokuja nazo warudi nazo.

Mwandishi wako naye, ukimtuma tena, mwambie alale. Kitanda tutampa. Nitamwamsha saa kumi alfajiri, aingie kwenye dau tukavute nyavu pamoja, akirudi ufuoni akae na mafundi mpaka jua lizame, kisha aandike.

Mvuvi,
Matondoni, Lamu