Barua ya wazi kwa Katibu wa Jimbo la Iowa, Marekani: orodha isitoke tena usiku wa mwisho

Kwako Mheshimiwa Paul Pate,
Katibu wa Jimbo la Iowa, Des Moines.

Shikamoo. Kwetu mtu aliyekuzidi umri huamkiwa kwanza, mengine yakafuata, na sioni kwa nini niache adabu hiyo kwa sababu tu nina neno la kulalamika.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua kuna sheria ya mwaka 2002 inayosema lugha ya serikali ya Iowa ni Kiingereza. Sheria hiyo inaibana serikali, mimi hainibani. Nakala yako mwanangu ataitafsiri. Hii ya Kiswahili ni ya majirani zangu wa Coralville, Iowa City, Cedar Rapids na Des Moines, ambao jambo hili wanalijadili baada ya ibada na kwenye misiba, halafu linaishia hapohapo kwenye viti vya plastiki.

Jambo lenyewe ni orodha.

Oktoba 2024, zikiwa zimebaki kama wiki mbili kabla ya kura, ofisi yako, ambayo ndiyo husimamia uchaguzi wa jimbo, iliwapelekea maofisa wa uchaguzi wa kaunti majina 2,176. Walikuwa watu ambao, walipokwenda kuchukua leseni ya udereva au kitambulisho, waliiambia Idara ya Usafirishaji kwamba si raia, na baadaye wakaonekana kwenye daftari la wapiga kura. Maofisa waliagizwa kwamba mtu wa orodha hiyo akija kituoni, kura yake ihojiwe, apewe karatasi ya muda, kisha akalete uthibitisho wa uraia ndipo kura ihesabiwe. Watu walikwenda mahakamani. Siku mbili kabla ya uchaguzi, jaji wa shirikisho akakataa kuizuia.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mhamiaji wa Iowa analijua bila kufundishwa. Ukifika hapa, kitu cha kwanza ni leseni, maana bila gari hufiki kiwandani, hufiki dukani, hufiki hata kanisani. Unaulizwa dirishani kama wewe ni raia, unajibu hapana. Leseni inakaa miaka. Katikati ya miaka hiyo unafanya mtihani wa uraia, unaapa, unapewa cheti na bendera ndogo, na siku hiyohiyo kuna meza pembeni ya kujiandikisha kupiga kura. Unajiandikisha. Lakini kumbukumbu ya leseni inabaki vilevile, mpaka siku utakayokwenda kuihuisha. Hakuna anayekuambia rudi ukaibadilishe.

Kwa hiyo wengi wa watu wale walikuwa wamesema kweli mara mbili: mara ya kwanza kwamba si raia, mara ya pili kwamba ni raia. Orodha ikazigonganisha kweli hizo mbili.

Mimi jina langu sidhani lilikuwamo. Si kwa ujanja wowote. Leseni yangu iliisha muda miezi michache baada ya kuapa, nikaihuisha nikiwa na cheti mkononi. Ni bahati ya tarehe tu.

Mheshimiwa, sisi tuliokulia kambini tunazijua orodha. Niliingia Nyarugusu, mkoani Kigoma, nikiwa mtoto, baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika na boti kutoka upande wa Fizi, Kongo. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu kama sisi, tuliokimbia vita vya Kivu. Kule maisha yote yalikuwa jina lako lipo au halipo. Mgao wa unga na maharage una orodha. Uhakiki una orodha. Usaili wa kwenda Marekani una orodha. Herufi moja ikikosewa kwenye jina la baba, familia ya watu wanane inapelekwa meza ya malalamiko, na jua linawazamia hapo bila hata kikombe cha mafuta. Baba alikuwa akiikunja kadi yetu ya mgao ndani ya nailoni, anaiweka kwenye Biblia, Biblia anaiweka chini ya mto. Alikuwa hasomi vizuri, lakini kadi hiyo aliijua hata gizani kwa kuipapasa.

Basi ile habari ya majina 2,176 ilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, hukuwa unazungumza na watu wanaosikia neno orodha kama watu wengine wanavyolisikia. Sauti zikaanza kurushwa. Mmoja akasema polisi watakuwa vituoni. Mwingine akasema ukikutwa kwenye orodha uraia unafutwa. Yote yalikuwa uongo, na uongo huo haukutoka kwako. Lakini muda wa kuusahihisha haukuwepo, maana kura ya mapema ilishaanza na siku zinahesabika.

Kuna mama mmoja tunayesali naye, umri umepita sabini, alikuwa ameapa mwaka mmoja kabla. Alinipigia simu usiku nikiwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. "Mwanangu, jina langu limo?" Sikuwa na pa kuliangalia. Nyarugusu angalau orodha ilibandikwa ubaoni, ukasukumana na wenzako, ukapitisha kidole mpaka ukajiona au usijione.

Alikwenda kupiga kura. Nilimpeleka mwenyewe. Mkobani alibeba cheti cha uraia, pasipoti mpya, barua ya kuitwa kuapa, na picha ya siku ya kiapo ikiwa bado ndani ya fremu yake ya kioo. Msimamizi wa kituo, mama wa makamo mwenye miwani, aliomba kitambulisho kimoja tu, akatabasamu, akampa karatasi yake. Hakuna aliyemhoji chochote. Tulipotoka nje nikaona blauzi yake imeloa jasho mgongoni, na ilikuwa Novemba.

Utaniuliza kwa nini nasumbuka na jambo lililopita salama. Nasumbuka kwa sababu ya hesabu za Iowa.

Kwenye usaili wangu wa uraia niliulizwa Baraza la Wawakilishi lina wabunge wangapi wanaopiga kura. Nikajibu 435. Nikaulizwa mbunge wangu ni nani. Nikajibu Mariannette Miller-Meeks. Afisa akaweka alama, tukaendelea. Hakuniuliza alivyoshinda mwaka 2020, na hilo ndilo swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tamu zaidi. Alishinda kwa kura 6. Si elfu 6. Sita. Kura 196,964 dhidi ya 196,958 za mpinzani wake Rita Hart, katika iliyokuwa wilaya ya pili ya ubunge, kabla ya ramani mpya ya 2021. Kosa la kuandika takwimu kaunti ya Jasper lilimpa Hart uongozi, siku chache baadaye kosa jingine kaunti ya Lucas likamrudishia Miller-Meeks, kisha kura zikahesabiwa upya kaunti zote 24 za wilaya ile. Hart alilalamika mbele ya Baraza lenyewe kwamba kura 22 halali hazikuhesabiwa, mpaka alipojitoa mwisho wa Machi 2021. Kura 22! Kwenye harusi zetu hiyo ni meza mbili, tena watoto hujawahesabu.

Na si mara moja. Uchaguzi wa katikati ya muhula wa 2022, wilaya zote nne zilikwenda kwa chama chako, Republican, lakini ya tatu, yenye Des Moines, Zach Nunn alimshinda Cindy Axne kwa kura elfu mbili na ushei, katika kura zaidi ya laki tatu. Mwaka 2024, huku kwetu wilaya ya kwanza, Miller-Meeks alimpita Christina Bohannan kwa kura 799 baada ya kuhesabiwa upya. Nilimpa nani ni siri yangu na pazia la kituo.

Weka hiyo 799 kando ya 2,176. Najua majina yale yalitawanyika jimbo zima, na sisemi yangegeuza matokeo. Nasema hapa kura hupimwa kwa kijiko, si kwa gunia. Ukitikisa meza kidogo, kijiko kinamwagika.

Halafu kuna matokeo ya ukaguzi wako mwenyewe. Machi 2025 ulitangaza kwamba waliothibitika kuwa kwenye daftari bila kuwa raia ni 277, na kwamba 35 kati yao walipiga kura zilizohesabiwa mwaka 2024, katika kura zaidi ya milioni 1.6 za jimbo. Hao 35 sitawatetea. Asiye raia haruhusiwi kupiga kura, kwisha. Tena anayeumia kwanza ni yeye mwenyewe, maana fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na ukishakosea hapo umejifungia mlango kwa mkono wako. Sisi ndio tunaowaambia wageni wetu kila siku: ukiwa dirishani kwenye leseni, ukiulizwa kama unataka kujiandikisha, sema hapana, hata kama karani anatabasamu.

Lakini igawe hesabu ile. Katika kila majina manane ya orodha ya Oktoba, ni moja tu lililothibitika kuwa la asiye raia. Mvuvi wa Kigoma akitupa wavu namna hiyo, akatoka na dagaa mmoja na mawe saba, hatasema wavu wake ni mzuri. Atakwenda kuushona.

Ulisema wakati ule kwamba serikali ya shirikisho haikukupa kumbukumbu za uraia kwa wakati. Nakubali, na nadhani hata ulikuwa na haki ya kukasirika. Ila sasa umeshazipata. Ukaguzi wa Machi 2025 uliufanya kwa kumbukumbu hizohizo. Sababu ya kuwahoji watu kwa kubahatisha imekwisha.

Ndiyo maana naandika kabla ya Novemba 3, 2026. Ashley Hinson ameiacha wilaya ya pili kwa ajili ya Seneti, Randy Feenstra ameiacha ya nne kwa ajili ya ugavana, kwa hiyo viti viwili kati ya vinne havina mwenyewe, na viwili vilivyobaki ni hivihivi vya kupimwa kwa kijiko. Joto litakuwa kubwa. Na tangu mwaka 2025 kuna sheria inayowaruhusu wasimamizi wa vituo kuhoji uraia wa mpiga kura. Mama mwenye miwani aliyetabasamu mwaka ule, safari hii ana mamlaka ambayo hakuwa nayo.

Ninachoomba ni kidogo. Jina lolote lisiende kaunti kabla halijapitishwa kwenye kumbukumbu za uraia za shirikisho. Si kumbukumbu za leseni. Na kazi hiyo ifanyike mapema. Sheria ya taifa ya mwaka 1993 inakataza kufuta watu kwa mkupuo kwenye daftari ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, na safari hii siku 90 zinaangukia Agosti 5. Najua kuhoji si kufuta, na mwaka 2024 tofauti hiyo ndiyo iliyokuokoa. Lakini ichukue tarehe ile kama mpaka wako hata pale sheria haikulazimishi. Mwenye jina la kutiliwa shaka apate barua nyumbani wakati wa kiangazi, ajue cha kupeleka na pa kukipeleka, wakati bado kuna muda wa kuomba nakala ya cheti kilichopotea.

Na barua hiyo iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa wanaokisoma. Najua mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Iowa iliitupa kesi ya karatasi za uchaguzi za lugha nyingine, kwa hoja kwamba waliofungua hawakuwa na haki ya kuifungua. Najua pia sheria ya taifa inayolazimisha karatasi za lugha nyingine inataja Kihispania na lugha za Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska, na lugha zetu za Afrika haizitaji hata kidogo. Kama mikono yako imefungwa, sema hivyo, ukurasa huo tutauandika wenyewe na kuugawa kanisani na msikitini. Tupe tu maneno ya Kiingereza mapema.

Nakuomba hivi kwa sababu naamini jimbo hili linaweza. Mwaka 2025 Texas walichora upya ramani ya wilaya katikati ya muongo ili wapate viti vitano zaidi, California wakajibu kwa kuchora ya kwao. Iowa ilibaki na ramani yake ya 2021. Ramani hiyo ilitayarishwa na wataalamu ambao sheria inawakataza kuangalia chama cha mpiga kura, matokeo ya nyuma, au anapolala mbunge, na hakuna kaunti iliyokatwa vipande. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza sikuamini. Nimetoka mahali ambapo anayechora mpaka huwa ameshajua nani anataka abaki ng'ambo. Uangalifu uleule uliowekwa kwenye mipaka ndio naomba uwekwe kwenye majina.

Novemba 3 nitatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vituo vinafunguliwa saa moja. Nitapitia kwa yule mama, maana bado haendeshi, na nimekwisha kumwambia safari hii fremu aiache ukutani. Amenijibu atafikiria.

Wako mtiifu,
Mpiga kura wa wilaya ya kwanza, kaunti ya Johnson