Kwa binamu aliyehamia Los Angeles, kabla hujalipia kuku

Binamu,

Umeuliza kuku wa Kimeksiko wa bei nafuu analiwa wapi. Jina la mgahawa halitakusaidia sana. Fuata moshi, halafu tazama saa.

Kwanza soma ubao. "Pollo asado" kwenye kibanda cha taco (tortila, yaani chapati nyembamba ya mahindi au ngano, iliyokunjiwa nyama) mara nyingi ni nyama isiyo na mfupa, imekatwakatwa, inauzwa taco moja moja. "Rostizado" amezungushwa kwenye chuma. "A la brasa" ni wa Waperu. Mtamu, ila si huyu. Unayemtaka ni "al carbón": amepasuliwa, akalazwa bapa kwenye wavu juu ya mkaa. Sinaloa, kaskazini magharibi mwa Meksiko, ndiko wanakojivunia sana kuku huyu. Hata El Pollo Loco, ambao mabango yao utayaona kila upande, walianzia Guasave, Sinaloa, mwaka 1975, wakafika Alvarado Street, Los Angeles, mwaka 1980. Mkaa unaosifiwa ni wa mesquite, mti wa ukoo mmoja na mathenge yanayowasumbua watu wa Baringo, Kenya. Unawaka kwa joto kali na kurusha cheche, basi usisimame karibu na jiko ukiwa na shati jipya.

Kuku huyu hurowekwa kwenye maji ya chungwa na ndimu, kitunguu saumu, oregano, bizari nyembamba, chumvi, na mara nyingi achiote, yaani mbegu za mzingefuri. Hapo ndipo wageni hukosea. Mzingefuri hupaka nyama rangi ya machungwa, na mtu akiona wekundu anadhani kuku ni mbichi. Usihukumu kwa rangi. Fungua kiungo cha paja: majimaji yawe maangavu, nyama iachie mfupa. Ikiwa inateleza na kuvutika kama mpira, mrudishe, usione haya. Ukichoma nyumbani, kipimajoto kikichomekwa penye unene wa paja bila kugusa mfupa kisome angalau nyuzi 74 za Selsiasi.

Mchomaji anayejua kazi huanza na upande wa mifupa chini, ngozi juu, na kumwacha hivyo muda mwingi. Ngozi hugeuziwa moto mwishoni tu. Sababu ni kwamba sukari ya chungwa huungua upesi, na mafuta ya ngozi yakidondokea mkaa hupandisha ndimi za moto. Kwa hiyo foleni ndefu ina sura mbili: kuku hakai akapoa, lakini mchomaji akiharakishwa utapewa ngozi nyeusi chungu na paja lenye damu. Ukiona moto unalamba kuku na hakuna anayemsogeza, nenda zako.

Kuku mmoja huchukua kama dakika 40. Wakati mzuri ni katikati ya chakula cha mchana au cha jioni, kuku wakitoka mfululizo. Saa tisa alasiri utapewa aliyerundikwa tangu adhuhuri, kidari kimekauka kama kumbi la nazi. Ikibidi kula saa hiyo, sema "pierna y muslo", yaani mguu na paja. Nyama hiyo huvumilia.

Kuhusu pesa: kuku mzima hukatwa vipande 8. Chukua bei ya sahani ya vipande viwili, zidisha mara nne, ulinganishe na mzima ("pollo entero"). Mara nyingi mzima huja na wali, maharage, tortila na salsa (mchuzi wa pilipili), na watu watatu wanashiba. Sahani ya mtu mmoja ndiyo inayokula fedha.

Sasa la muhimu kwako, Ramadhani au la. Maharage ya kupondwa mara nyingi hupikwa na manteca, mafuta ya nguruwe, na tortila za ngano pia zaweza kuwa nayo. Uliza "¿lleva manteca?" kabla ya kulipa. Tortila za mahindi kwa kawaida hazina. Kuku mwenyewe usimchukulie kuwa halali mpaka waseme, na tupia jicho wavu: nyama nyingine zinachomwa hapo hapo.

Mezani, weka tortila mbili pamoja, moja huchanika. Chambua nyama kwa mkono, weka kitunguu cha kuchoma, kamulia ndimu. Salsa ya kijani iliyo laini kama parachichi huenda haina parachichi hata kidogo: ni pilipili iliyosagwa na mafuta, na uso wake mpole usikudanganye. Ya rangi ya machungwa huenda ni habanero, nduguye pilipili mbuzi. Onja kwa ncha ya tortila.

Kikibaki kidari, usikitie kwenye maikrowevu. Kichambue kingali na joto, kimwagie yale majimaji yaliyobaki chini ya boksi, kesho ukipitishe kwenye kikaango kwa dakika mbili.